Brauza Niliyoing'oa Mezani kwa Wandera

Nyinyi vijana mnaoniletea laptopu mpaka huku Adungosi, mnanikuta nimeshika jembe na kuanza kueleza shida kabla hamjanisalimia, nimeamua kuwaandikia. Kazi ya ufundi nimeiacha. Hakuna aliyenipa barua ya kustaafu. Macho ndiyo yaliyonistaafisha, siku niliyotafuta skrubu mezani kote na kumbe ilikuwa kwenye kiganja changu. Sasa nafuga kuku na kulima mihogo. Lakini haipiti wiki bila mmoja wenu kuja na ombi lile lile: "Auntie, nitolee hii brauza iliyokuja na mashine. Siitumii na inanisumbua."

Najua inavyosumbua. Unanunua kompyuta na kuikuta brauza imeshakaa humo, kama mpangaji aliyeachwa na mwenye nyumba wa zamani. Unaiambia hapana, kesho inakuuliza tena. Unafungua faili nyingine kabisa, inajitokeza yenyewe. Unaifuta, na mashine ikijisasisha unaikuta imerudi pale pale, inang'aa. Nimeziondoa Malaba, Busia mjini, Nambale na Alupe. Ilifika wakati Malaba hawanitaji kwa jina. Mtu akiuliza fundi, anaambiwa, "Tafuta yule sister wa kung'oa."

Nitawaambia namna ya kuiondoa. Nitawaambia pia kuhusu ile moja ambayo ilikaribia kumtoa mtu kazini kwa mkono wangu.

Kosa langu la kwanza mtalicheka, nami nimeshalicheka vya kutosha. Mama mmoja wa Nambale, mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, aliniita nimwondolee brauza. Nilikuwa bado mgeni kwenye kazi na nilitaka aone mkono mwepesi. Nikaiondoa mara moja. Nikafunga, nikafungua, nikamwonyesha: haipo. Kisha nikakumbuka kwamba nilipaswa kumwekea nyingine, na hiyo nyingine iko kwenye mtandao, na kwenye mtandao unaingia kwa brauza.

Mama alinitazama nikitazama skrini.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa nataka kushusha ile nyingine."

"Si ushushe."

"Sina cha kushushia, mama."

Alipima mbegu za mteja, akamfungia, kisha akarudi kwangu. "Kwa hivyo umetoa mlango yangu halafu unatafuta pa kuingilia."

Ilibidi nipige simu Malaba waniletee programu kwenye flashi. Kijana wa boda boda aliyetumwa alikuwa ameambiwa kwamba hicho kitu kidogo ndicho mlango wa duka la mama, basi akaona akifiche ndani ya soksi asikipoteze njiani. Alitoka Malaba na jua kali. Flashi ile niliiosha kwa spiriti mara mbili na bado ilikuwa na habari ya soksi. Tangu siku hiyo naweka brauza mpya kwanza, naifungua, naijaribu, ndipo naigusa ya zamani.

Aliyenituma Nambale ni Salongo, na bila yeye msingekuwa mnasoma maneno haya. Salongo halikuwa jina lake. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, humwita hivyo baba wa mapacha. Alitoka Tororo, akafungua kibanda cha kutengeneza kompyuta upande wetu wa Malaba, karibu na pale trela zinapopanga foleni. Mimi niliingia kwake na ufagio. Nilikuwa kidato cha pili baba alipofariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne. Baada ya matanga, mjomba alisema tugawanywe, kila nyumba ya ukoo ichukue mmoja. Nilikataa. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa na kukataa tu, na kwa hiyo nikatafuta kazi.

Nilifagia kibanda kile karibu miezi miwili. Siku moja Salongo alikuwa chini ya meza akichomeka nyaya, mashine ikaandika kitu kwenye skrini, nami nikamsomea kwa sauti ili asiinuke.

"Nyabo," akasema kutoka chini ya meza, wanavyomwita mwanamke ng'ambo, "wewe unasoma?"

"Kidogo."

"Kidogo inatosha. Weka ufagio, shika bisibisi."

Alikuwa na namna zake mbili za kazi ambazo watu walizicheka. Ya kwanza ni trei ya mayai. Kila skrubu aliyoitoa ilikaa kwenye shimo lake, kwa mpangilio, na ole wako uguse ile trei. Ya pili ilikuwa kwamba hafungui mashine ya mtu kabla ya kumtazama mwenyewe akiitumia. Atachukua stuli, atakaa nyuma ya mteja, atamwambia, "Fanya kazi yako ya kila siku, mimi sipo." Robo saa nzima. Wenye haraka walikasirika. Wengine walidhani anawapeleleza.

Nilimuuliza kwa nini asimuulize mtu tu shida yake ni nini.

"Mdomo utakudanganya," alisema. "Si kwamba mtu ni mwongo. Hajui anafanya nini, amezoea tu. Mkono wake hauna uongo. Tazama mkono."

Siku zile, brauza iliyokuja na kompyuta ilikuwa imejichimbia ndani sana. Niliwahi kufuta folda yake yote kwa mkono kwenye mashine ya duka moja la Busia mjini. Nilijiona nimeua nyoka. Kesho yake risiti zikakataa kutoka, kwa sababu programu ya duka ilikuwa ikiazima vipande vya brauza ile kimyakimya ili kupanga maandishi. Salongo alitengeneza bila kunigombeza. Aliniambia tu kwamba nguzo ikiwa na rangi usiyoipenda, huikati nguzo ili kuondoa rangi. Hata leo, vijana, mambo hayajabadilika sana. Kuna programu zinazokula kutoka sahani ya brauza hiyo bila kukuambia. Kwa hiyo usichimbe folda, na usifuate amri uliyoiona kwa mtu kwenye video bila kujua kila neno linafanya nini. Izuie isijifungue yenyewe mashine inapowaka. Fanya nyingine ndiyo ya kufungulia kila kitu. Hamisha kurasa zilizowekwa alama na maneno ya siri, uone kwa macho kwamba yamefika. Ondoa alama yake mahali mtu anapobonyeza. Wengi wakiacha kuiona wanaridhika, na hujavunja kitu. Kuiondoa kabisa na kuifungia isirudi iwe kazi ya mwisho, na iwe kwa mtu anayejua anachoomba.

Sasa nije kwa Wandera.

Wakati huo Salongo alikuwa amezeeka na kurudi Tororo, na kibanda kilikuwa changu. Wadogo zangu wawili walikuwa wameshamaliza shule. Nilikuwa na jina. Madam Nafula, mwenye ofisi ya wakala wa forodha hapo Malaba, aliniita. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye hasira za karibu na huruma za mbali kidogo, lakini zikifika zimefika. Ofisi yake ilikuwa na kompyuta sita na modemu moja. Mnajua mpaka ulivyo: ukisogeza modemu karibu na dirisha inakamata mnara wa Uganda bila kukuomba ruhusa, na ukishakuwa mgeni kwenye mnara wa watu bando linayeyuka.

"Sister," aliniambia, "hii brauza iliyokuja na mashine inajifungua yenyewe, inaniletea habari za wasanii sijaomba, inajisasisha kwa bando yangu. Sitaki kuiona. Mashine zote sita. Na isirudi."

"Wafanyakazi wanaitumia?"

"Nani aitumie? Niliwaambia wote watumie ile ingine."

Ilikuwa saa ya chakula. Ofisi ilikuwa tupu, viti vyote wazi, mashine zote zimewaka. Kwa fundi hiyo ni kama kukuta barabara haina polisi. Sikungoja mtu arudi. Sikukaa nyuma ya mtu yeyote. Niliweka mpya, nikahamisha kurasa, nikaondoa ya zamani, nikaandika kizuizi ili hata mashine ikijisasisha isiweze kuirudisha. Zote sita. Walipoanza kurudi wakijichokonoa meno nilikuwa nimeshamaliza, na Madam akawaambia, "Mnaona kazi ya mwanamke?" Niliondoka pale nikijisikia mrefu.

Kesho yake asubuhi Wandera alikuja kibandani. Huyu alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, kutoka upande wa Samia. Miaka mingi alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, analala chini ya trela, anajua kila dereva kuanzia Mombasa hadi Kampala na kila dereva anamjua. Anaongea Kisamia, Kiswahili, Kiteso, Kiganda, Kijaluo cha kununulia samaki, na Kiingereza cha kugombana na polisi. Madam alimwajiri kwa sababu hiyo. Kazi yake ilikuwa barua pepe zinazotoka kwa wenye mizigo: mzigo umebadilika, kibali kimetoka, lori lipite wapi. Anazipokea, kisha anawapigia madereva. Kujibu kwa maandishi hakupenda. Alipiga simu, na wateja walimpenda kwa hilo. Ofisini alivaa miwani, na daima alikuwa na waya sikioni. Wenzake walimtania kwamba ana mpango wa kando anayemwimbia humo ndani. Wengine walisema anasikiliza mahubiri.

"Sister," akaniambia, "ile kitu umetoa jana. Unaweza kunirudishia? Mimi peke yangu."

"Kwa nini, mzee?"

"Hiyo mpya inaniumiza macho."

"Badilisha miwani," nikasema, nikacheka.

Naye alicheka. Akaenda.

Alirudi jioni. Safari hii alisema ile ya zamani ilikuwa na rangi nzuri. Nikamweleza kwa utaratibu, kama mwalimu, kwamba zote zinafungua kurasa zile zile, ni mazoea tu, baada ya wiki atasahau. Akasema, "Wiki ni mingi, Sister." Nikamwambia agizo ni la Madam, mashine zote ziwe sawa, nikimrudishia yeye nitaonekana nimefanya kazi nusu. Alisimama mlangoni akikunjakunja kofia yake. Alitaka kusema kitu. Mimi nilikuwa na mashine ya mtu mwingine imefunguliwa mezani, na nikainamisha kichwa kurudi kwenye skrubu zangu ili ajue nina kazi.

Siku mbili baadaye vifaranga waliingia Malaba.

Ilikuwa gari dogo la mizigo lililojaa makasha ya vifaranga wa siku moja, wanaokwenda kwa mnunuzi wa ng'ambo. Kibali chao kilikuwa kimehamishiwa Busia, na daktari wa mifugo wa kuwakagua alikuwa Busia akiwangoja. Barua ilikuwa imekuja asubuhi ikisema hivyo. Lakini mizigo yote ya mteja mwenye vifaranga ilikuwa ikipita Malaba, na dereva Mutiso alipopiga simu kuuliza apite mpaka gani, Wandera alimwambia Malaba. Mtu asiyejua mambo yetu atasema mipaka miwili iko jirani, kuna ubaya gani? Kifaranga wa siku moja hajui ujirani. Gari lilikwama uani kwa forodha saa sita mchana, foleni mbele na foleni nyuma, na jua la Malaba linachoma mabati. Niliona kwa macho yangu mataniboi wakishusha makasha kivulini na kuyapepea kwa vipande vya katoni. Mutiso alikuwa amevua shati analowanisha maji na kufunika makasha. Ile sauti ndogo ya vifaranga, wengi kwa pamoja, ilisikika mpaka kibandani kwangu.

Mutiso alifanikiwa kugeuza gari na kuwapeleka Busia alasiri. Waliofika wazima walikuwa wengi. Waliokufa hawakuwa wachache.

Nilimsikia Madam kutoka barabarani. "Barua ilikuwa hapo! Imeandikwa Busia mara tatu! Wandera, ulikuwa unaangalia nini?"



Baadaye kidogo Wandera alikuja kibandani, akaketi kwenye benchi la wateja ingawa hakuwa na mashine mkononi. Alivua miwani, akanipa. "Angalia."

Nikaitazama nikaiweka machoni. Ilikuwa kioo kitupu, kama cha dirisha.

"Ni ya soko," akasema. "Mtu akinipa karatasi, nasema nimesahau miwani. Nikiwa nayo, nasema imekwaruzwa."

Bado sikuwa nimeelewa, vijana. Msifikiri fundi ni mwerevu.

"Sister, mimi sijui kusoma."

Alisema akitazama trela zinazopita. Kisha alinieleza taratibu. Alipokuwa mdogo aliwekwa kwenye ng'ombe, nduguze wakapelekwa shule. Baadaye ng'ombe wakafa na yeye akaparamia lori. Alipopewa meza na Madam aliona aibu kukataa. Wiki za kwanza aliishi kwa kukisia na kwa kuuliza wenzake kiujanja. Kisha akaja msichana mmoja wa chuo cha Alupe, mwanafunzi wa mafunzo kazini, aliyegundua na hakumcheka. Msichana huyo alimwonyesha kwamba ile brauza iliyokuja na mashine, ambayo kila mtu anaitukana, ina mahali pa kubonyeza, nayo inakusomea ukurasa wote kwa sauti ya mwanamke, Kiingereza au Kiswahili. Alimwekea na waya wa sikio. Alama za kubonyeza Wandera alizikariri kwa mahali zilipo: ya juu upande huu, halafu shuka mara tatu.

"Huyo mama wa ndani ndiye alikuwa ananifanyia kazi," akasema. "Miaka sita. Hajawahi kunidanganya. Nikarudi kutoka chakula, nikakuta umemfukuza."

Nilikataa wadogo zangu wagawanywe kwa sababu nilikuwa na shule kidogo kichwani na nilijua inafungua nini. Ile kidogo ndiyo iliyonitoa kwenye ufagio. Na hapa alikuwa mtu aliyekuja mlangoni kwangu mara mbili kuomba macho yake, nami nikamwambia abadilishe miwani.

"Madam amesema nini?"

"Amesema kesho asubuhi anataka maelezo, na kama sina, niache ufunguo ya ofisi. Watoto wangu wawili bado wako sekondari, Sister. Na kurudi chini ya trela sasa, mgongo imekataa."

"Tutaenda pamoja."

"Usimwambie."

"Nitasema langu tu," nikamwambia. "Lako ni lako."

Asubuhi nilifika kabla Madam hajafungua mlango. Nilimwambia, tukiwa bado barabarani, kwamba kosa la vifaranga lina mikono miwili na mmoja ni wangu. Nilimwambia kwamba kwenye mashine ya Wandera niliondoa kifaa chake cha kazi bila kumuuliza, kwamba alikuja kunidai mara mbili nikamfukuza, na kwamba ninaomba saa moja nikirudishe.

"Kifaa gani? Uliondoa brauza, nilikuambia uiondoe."

"Ndiyo, Madam."

"Sasa brauza na vifaranga wapi na wapi?"

Hilo lilikuwa la Wandera. Nilikuwa nimeahidi. Madam alinitazama mimi, akamtazama Wandera aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kofia mikononi, akajua kuna kitu. "Nyinyi wawili mnanificha. Ingieni."

Nilikaa kwenye mashine. Nilifuta kizuizi nilichoandika kwa mbwembwe zile, nikashusha brauza upya, nikaiweka. Haikuchukua hata saa. Wenzake walikuwa wameanza kufika, na walitujia wakasimama kama watu wanaotazama ajali. Wandera alikaa. Alichomeka waya. Nilidhani atasikiliza mwenyewe kwanza. Badala yake alifungua barua ile ya vifaranga, akautoa waya sikioni kwake, akamnyooshea Madam.

"Weka sikio, Madam."

Aliweka. Wandera akabonyeza juu, akashuka mara tatu.

Sisi wengine hatukusikia chochote. Tulimwona tu Madam akisikiliza, na uso wake ukibadilika kidogo kidogo. Neno Busia lilipofika nilijua, kwa sababu alifumba macho. Lilipofika mara ya tatu akautoa waya.

"Miaka yote hii," akasema, "ndivyo unavyosoma?"

"Ndivyo."

"Na mimi nilikuwa nawaambia watu una dini."

Mmoja wa vijana wa ofisi alianza kucheka, Madam akamgeukia. "Wewe unajua kusoma, na juzi ulipeleka makaratasi ya sukari kwa lori ya saruji. Kaa chini." Kisha akavuta kiti, na Madam hakuwa mtu wa kukaa upesi. "Ungeniambia, Wandera."

"Ningekuambia, ungeniajiri?"

Alifikiri. Nampenda mpaka leo kwa kufikiri kwake. "Hapana," akasema. "Nisingekuajiri. Ningepata mjinga mwenye cheti."

Hakumwachilia hivi hivi. Alisema vifaranga si mchezo na mteja amekasirika, na yeye mwenyewe atakwenda kumwona. Brauza ya Wandera ikae, hata ikinywa bando, na mtu asiiguse. Lakini akaongeza kwamba umeme ukipotea au mtandao ukikatika huyo mama wa ndani hanyanyuki, kwa hiyo Wandera ajifunze kusoma angalau kile kinachoweza kuua mzigo. "Na wewe Sister ndiye utamfundisha. Saa ya chakula. Si ndiyo saa unapenda kufanyia kazi?"

Hilo nilistahili.

Tulianza na maneno mawili, Busia na Malaba. Sikuwa nimewahi kufundisha mtu mzima, na nilifanya makosa. Siku ya kwanza nilimletea kitabu cha watoto chenye picha ya paka, akakifunga polepole na kunirudishia. "Sister, hakuna dereva atanipigia simu juu ya paka." Nikakiacha. Tukatumia barua zake mwenyewe. Brauza ile inaposoma, rangi inatembea juu ya neno linalotamkwa, na sauti yake unaweza kuipunguza mwendo iwe kama mtu anayevuta gunia. Sikuwa nimejua hayo, mimi fundi niliyeiondoa kwenye mashine za watu miaka nenda miaka rudi. Yeye ndiye aliyenionyesha. Tulipunguza mwendo, tukafuata ile rangi kwa kidole, tukasimama penye neno tunalolitafuta.

"Hii ya Busia ina tumbo mbili," akasema kuhusu herufi ya kwanza. "Kama mama wa mapacha."

"Hiyo ni B."

"Sasa nimeona ingine ndani ya Malaba. Imekonda, ina tumbo moja. Ndiyo hiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Nani aliamua?"

Siku nyingine alichoka, akasema kichwa chake ni kama trela iliyojaa, ukiongeza kasha moja ekseli inavunjika. Siku nyingine alikuja mapema kuliko mimi. Wale vijana wa ofisi waliacha kumtania baada ya wiki kama tatu, si kwa adabu, ila kwa sababu na wao walianza kuchomeka waya masikioni kusomewa barua ndefu huku wakila chapati. Madam alilalamika kwamba bando sasa linakwenda mara mbili, na hakuniita kuondoa kitu.

Basi, mkija hapa Adungosi na laptopu ya ofisi, ya shule au ya shangazi yenu, nitawauliza nani anakaa mbele yake, na kama simjui nitawarudisha mkamlete. Msikasirike. Njooni naye, nitamwekea kiti, nimtazame mkono.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya mwezi wa tatu au wa nne tangu vifaranga. Nilikuwa chini ya meza ofisini kwa Madam nikibadilisha waya wa umeme. Mutiso alikuwa njiani na mzigo mwingine wa mteja yule yule, ambaye Madam alikuwa amembembeleza akarudi. Simu ya Wandera ikalia. Nilisikia sauti ya Mutiso humo, anauliza kama kawaida apite mpaka gani, na haraka, kwa sababu amefika mahali pa kukata kona. Niliona miguu ya Wandera ikitulia chini ya kiti. Nikainuka nusu.

Waya wa sikio ulikuwa umelala mezani. Brauza ilikuwa wazi, barua ipo, na alichotakiwa ni kubonyeza juu na kushuka mara tatu. Hakubonyeza. Alisogeza uso karibu na skrini, bila ile miwani ya soko, akaweka kidole kwenye mstari na kukisukuma taratibu, kikapita neno, kikapita lingine, kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo. Kikasimama tena pale pale.

"Busia," akasema kwenye simu. "Kata Busia."

"Mzee, una uhakika?" Mutiso akauliza. "Ile siku ulisema Malaba."

"Ile siku nilikisia," Wandera akamwambia. "Leo nimesoma."